Kamera ya video ya nyumbani: tununue sauti kabla ya picha

Baada ya kufariki bibi mmoja wa mtaa wetu, ambaye kwa miaka mingi aliwasomesha juzuu watoto wa nyumba zaidi ya ishirini, wanawe waliwaita wajumbe wa kamati ya msikiti nyumbani kwao baada ya swala ya Isha. Walikuwa na habari njema. Mjukuu mmoja alikuwa amemrekodi marehemu kwa kamera ya video, siku ya pili ya Idd, akieleza namna madrasa yetu ilivyoanza chini ya mwembe, ni nani waliotoa kiwanja kikawa wakfu, na ni nani waliobeba matofali ya kwanza. Habari hiyo haikuwa imeandikwa popote. Tulikwenda na daftari.

Runinga ikawashwa. Picha ilikuwa safi: mtandio mweupe, tasbihi mkononi, hata ukili wa mkeka ulionekana. Marehemu alizungumza kwa utulivu, akihesabu majina kwa vidole. Lakini kilichosikika ni mvumo wa pangaboi, jenereta la jirani, na watoto waliokuwa wakicheza uani. Midomo ya bibi ilitembea kwa dakika arobaini, nasi hatukupata hata jina moja. Kamera ilikuwa imewekwa mlangoni, hatua sita kutoka alipokaa, na mpigaji alikuwa ameivuta picha kwa lenzi mpaka uso ukajaa kioo. Picha ilisogea karibu. Sauti ilibaki kule kule mbali.

Kabla hatujaaga, mjukuu mwingine, binti wa kidato cha pili, alitoa simu yake na kuwekea wakubwa ujumbe wa sauti ambao bibi alimtumia zamani. Haukufika hata sekunde kumi na tano. "Njoo uchukue kikapu chako mwanangu, nimekuwekea mofa mbili, usichelewe zikapoa." Kila neno lilisikika, na pumzi kati ya neno na neno. Nyumba nzima ikanyamaza. Hapo ndipo wengi wetu tulipofuta machozi.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu kila unapokaribia msimu wa harusi na wa mahafali ya madrasa, waumini hutujia na swali lile lile: tununue kamera gani ya video kwa matumizi ya nyumbani, ambayo haitatufilisi? Zamani tulijibu kwa kutaja ile tuliyoiona kwa jirani. Baada ya usiku ule tuliona si uungwana kujibu kwa kubahatisha. Familia tatu zilipotuomba tufuatane nazo Kariakoo, tulijipa muda, tukauliza mafundi, tukazishika kamera zenyewe, na haya tunayoyaeleza ndiyo tuliyorudi nayo.

Je, kamera inahitajika kweli?

Tuanze na ukweli ambao muuzaji hatakuambia. Mwenye simu nzuri tayari ana kamera ya video ambayo, katika mwanga wa kutosha na kwa mtu aliye karibu, hutoa picha inayolingana na ya kamera nyingi za bei nafuu, na mara nyingine kuipita. Kwa nyumba ya aina hiyo, pengine kinachopungua ni maikrofoni ndogo ya kubana kifuani na stendi ya miguu mitatu. Vitu hivyo viwili hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kamera. Kununua kamera ili tu na sisi tuonekane tunayo ni israfu, na israfu haipendezi hata ikiwa fedha zipo.

Pamoja na hayo, kamera ya video ina nafasi yake, na ni vizuri kuifahamu nafasi hiyo kabla ya kutoa fedha. Kwanza, inavuta kwa lenzi halisi. Mzazi aliyeketi safu ya nyuma kwenye mahafali anaweza kumuona mwanawe jukwaani, jambo ambalo simu nyingi hulifanya kwa shida. Pili, ina betri inayotoka: ikiisha moja huwekwa nyingine, na shughuli ya saa tatu hurekodiwa yote. Tatu, haipigiwi simu. Tumewahi kuona khutba ya nikahi ikikatika katikati kwa sababu mjomba wa bwana harusi alipiga kuuliza njia. Nne, ni chombo cha nyumba nzima. Simu humfuata mwenyewe kazini na safarini, lakini kamera hukaa kabatini, na bibi au mtoto wa miaka kumi anaweza kuishika na kubonyeza kitufe kimoja chekundu. Tano, kilichomo ndani yake hakisambai chenyewe kwenye makundi ya mitandao. Faida hii ya tano si ndogo, nasi tutairudia.

Kwa nyumba inayohitaji mambo haya, au matatu kati yake, kamera ni matumizi ya halali yenye maana. Isiyoyahitaji na iweke fedha zake kwa ada ya shule.

Sikio la kamera

Wateja wengi wanapoingia dukani huuliza jambo moja: "Inavuta mara ngapi?" Wanaouliza "Inasikia vipi?" ni wachache mno. Lakini mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, na ile inayotikisika huizoea. Sauti isiyosikika haina subira. Baada ya dakika mbili watu huinuka.

Maikrofoni iliyojengwa ndani ya kamera husikia kila kitu kilicho karibu nayo kwa usawa: vidole vya mpigaji, upepo, pangaboi. Haijui nani ndiye mgeni rasmi. Fauka ya hayo, sauti hupotea upesi kadiri umbali unavyokua. Palipo wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo tu. Kutoka hatua moja hadi hatua nne, basi, tumebakiwa na sehemu moja ya kumi na sita. Lenzi haiwezi kurudisha kilichopotea hapo, kwa kuwa huvuta mwanga peke yake. Hii ndiyo sababu ujumbe wa simu wa bibi yetu, ulionaswa shibiri moja kutoka kinywani, ulishinda dakika arobaini za kamera ya gharama.

Kwa hiyo sharti letu la kwanza ni tundu la maikrofoni ya nje, lile dogo la duara la milimita 3.5. Kamera yenye tundu hilo inaweza kuungwa na maikrofoni ya kubana kwenye kanzu au mtandio, yenye waya mrefu au isiyo na waya. La pili, ikiwezekana, ni tundu la hedifoni, ili mpigaji asikie kile ambacho kamera inakisikia wakati ule ule. Lau mjukuu yule angevaa hedifoni kwa nusu dakika tu, angeamka akazime pangaboi.

Katika kamera ndogo tulizokutana nazo, na ambazo msomaji naye aghalabu atakutana nazo, tofauti hii ilijitokeza waziwazi. Sony HDR-CX405 ni nyepesi, inavuta mara 30 kwa lenzi, lakini haina tundu la maikrofoni. Panasonic HC-V180 inavuta mara 50 na inachukua eneo pana, jambo linalofaa vyumba vyetu vidogo, nayo pia haina tundu hilo. Canon LEGRIA HF R806 inavuta mara 32 na haina upana wa wenzake, lakini ina matundu yote mawili, la maikrofoni na la hedifoni. Mwenye kutaka kurekodi michezo ya watoto uwanjani anaweza kuridhika na mojawapo ya mbili za kwanza. Mwenye kutaka kuhifadhi maneno ya wazee, darsa na nasaha za harusi, kwa maoni yetu, aangalie ya tatu au yoyote yenye matundu hayo.

Na aliyekwisha kununua isiyo na tundu asivunjike moyo. Aiweke simu yake mapajani mwa msemaji au kwenye stuli mbele yake, airekodi sauti humo, na kamera irekodi picha. Apige kofi moja mbele ya kamera kabla ya mazungumzo kuanza. Kijana yeyote anayejua kuhariri video ataoanisha sauti na picha kwa kufuata lile kofi.

Mwanga, lenzi na vyumba vyetu

Ndani ya kamera kuna kijisahani kinachopokea mwanga. Katika kamera za bei nafuu kijisahani hiki ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho cha mkono, na ndiyo maana zinaweza kuvuta mbali kwa lenzi fupi. Gharama yake hulipwa jioni. Mwanga ukipungua, picha huwa na chengachenga na rangi hufifia. Hakuna kitufe cha kuliondoa tatizo hili moja kwa moja. Dawa yake ni kufungua pazia, kumkalisha msemaji akiwa ameelekea dirisha badala ya kulipa mgongo, na kuongeza taa moja.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Katika kamera nyingi, lenzi inapovutwa hadi mwisho, mwanga unaoingia hupungua. Anayesimama mbali na kuvuta, ndani ya ukumbi wenye taa hafifu, hujipatia giza, mtikisiko na sauti mbovu kwa wakati mmoja. Anayesogea hatua tatu mbele hupata nafuu ya yote matatu. Kusogea ni bure.

Tutofautishe pia aina mbili za kuvuta. Kuvuta kwa lenzi huikaribisha sura halisi. Kuvuta kwa hesabu ni kuikuza picha ambayo tayari imekwisha pigwa, mfano wa kuivuta karatasi ya mpira yenye maandishi: herufi zinakuwa kubwa, lakini hazisomeki zaidi. Boksi likiandikwa "mara 1500" au "mara 2000", ile ni hesabu. Muulize muuzaji namba ya lenzi pekee, na ukiwa na shaka, soma maandishi yaliyo kwenye lenzi yenyewe.

Aidha, kamera iwe na kituliza mtikisiko, nacho kiwe kinafanya kazi. Bora zaidi ni stendi. Mikono ya mtu hutikisika baada ya dakika tano, hata awe kijana.

Namba zinazopendeza na zinazodanganya

Dukani tulionyeshwa kamera yenye maandishi makubwa ya dhahabu, "4K", kwa bei ya chini kuliko zote tulizoziona. Kijana aliyetuhudumia, kwa adabu nzuri, alisema, "Shekhe, hii inazipita zote." Tulimuomba aiwashe. Tulielekeza lenzi kwenye kadi ya biashara iliyo karibu, kisha kwenye bango la ng'ambo ya barabara. Kamera haikubadilisha chochote. Lenzi yake ilikuwa imeganda kwenye umbali mmoja, haina kulenga, na kuvuta kwake kote ni kwa hesabu. Picha ilikuwa kubwa, na ukungu wake ulikuwa mkubwa vile vile. Kamera za namna hii ni nyingi sokoni, chini ya majina mengi. Kipimo chake ni hicho cha kadi na bango, na huchukua nusu dakika.

Hata 4K ya kweli si lazima kwa nyumba. Tufanye hesabu. Mfumo wa AVCHD, ulioletwa mwaka 2006 na Sony pamoja na Panasonic, katika ubora wa megabiti 24 kwa sekunde hutumia megabaiti 3 kila sekunde, yaani takriban GB 10.8 kwa saa moja. Kadi ya GB 32 inachukua muda unaokaribia saa tatu. Ukiteremka hadi megabiti 17, saa moja ni kama GB 7.7, na kadi ile ile inachukua saa nne hivi. Lakini 4K ya megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa, na kadi ya GB 32 huisha kabla mgeni rasmi hajasimama. Halafu kompyuta ya nyumbani inashindwa kuifungua, na mtu anarudi mjini kununua kompyuta. Picha ya kawaida ya 1080 inatosha kwa runinga nyingi zilizomo majumbani mwetu.

Muda wa betri ulioandikwa kwenye karatasi nao usomwe kwa tahadhari. Hupimwa kamera ikirekodi mfululizo bila kuvutwa wala kuzimwa. Katika matumizi ya kweli, ya kuwasha, kuzima na kuvuta, tegemea nusu yake. Fedha ya betri ya pili iwekwe ndani ya bajeti tangu mwanzo, kama inavyowekwa fedha ya nauli.

Kamera iliyotoka ng'ambo

Kampuni zimepunguza sana kutengeneza kamera ndogo za video, kwa sababu ya simu. Hivyo nyingi zinazopatikana kwa bei nafuu ni zilizokwisha kutumika. Hakuna ubaya, maadamu mnunuzi anajua anachokiangalia.

Zilizotengenezwa kwa soko la Japani huweza kuwa na maandishi ya Kijapani pekee, na nyingine hazina namna ya kuyabadilisha. Washa, tafuta orodha ya lugha kwa macho yako, usiridhike na ahadi.

Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hurekodi picha 30 au 60 kwa sekunde. Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi, hasa za tyubu, hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Hesabu hizi mbili hazioani, na matokeo yake ukumbi mzima huonekana ukipepesa au mistari ikipanda na kushuka. Anayemiliki kamera ya aina hii aangalie kama inamruhusu kuweka kasi ya kufunga lenzi kwenye 1/50 au 1/100, na tatizo litapungua sana. Zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi zenye umeme kama wetu, mathalan nyingi zinazopitia Dubai, hurekodi picha 25 au 50 na hazina shida hiyo. Chaja nayo isomwe: iwe imeandikwa 100 hadi 240. Ya volti 120 pekee itaungua siku ya kwanza.

Kuna pia kamera za kanda, zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Zile za kanda za Video8, zilizoanza mwaka 1985, na za kanda ndogo za DV, zilizoanza mwaka 1995, zilikuwa vyombo bora katika zama zake. Leo kanda mpya ni adimu, na kompyuta nyingi hazina tundu la kuzipokea picha zake. Usinunue kwa ajili ya kuanza upya. Isipokuwa kama nyumbani kuna kanda za zamani za harusi na maulidi: hapo kamera ya kanda iliyo nzima ni ufunguo, na kazi ya kuzihamisha ifanywe mwaka huu. Unyevu wa pwani yetu huotesha kuvu juu ya kanda, na kila masika inayopita huchukua chake.

Kuvu huota pia ndani ya lenzi. Kabla ya kununua iliyotumika, mulika lenzi kwa tochi ya simu ukiitazama kwa upembeni. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, irudishe. Na ukishanunua, usiifungie kwenye mfuko wake wa ngozi kwa miezi. Iweke katika kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Kadi, na mahali pa kuhifadhi

Kadi za memori bandia zimejaa. Kadi huandikwa GB 64 ilhali ndani ni GB 8, nayo huendelea kupokea bila kulalamika, ikifuta au kuharibu yaliyotangulia. Mwenye nayo hugundua baada ya harusi. Kwa hiyo kadi mpya ijaribiwe kabla ya siku ya shughuli: zipo programu za bure, H2testw na F3, zinazoijaza kadi yote na kuisoma tena. Asiye na kompyuta na airekodi hadi ijae, kwa kuilenga kamera ukutani, kisha atazame mwanzo, katikati na mwisho.

Kadi si sanduku la kuhifadhia. Ni mfuko wa kubebea. Ndani ya wiki moja baada ya shughuli, picha zihamishwe kwenye diski ya nje, na nakala ya pili iwekwe kwenye diski nyingine katika nyumba nyingine: kwa shangazi, kwa babu mkubwa. Wezi na moto huingia nyumba moja kwa wakati mmoja. Katika kuhamisha, lichukuliwe folda zima kama lilivyo, kwa sababu kamera nyingi hukata shughuli ndefu katika vipande, na anayechagua vipande kwa kubahatisha huacha nusu ya nikahi nyuma. Kisha liandikwe jina: nani, wapi, tarehe gani. Diski isiyo na majina, baada ya miaka kumi, haina tofauti na diski tupu.

Sitara ya nyumba

Kuhusu hukumu ya picha, wanazuoni wana kauli zao, na kila mmoja na amfuate mwalimu anayemwamini. Sisi tunazungumza na nyumba ambazo tayari zinarekodi, na kwao tuna nasaha moja ya amana.

Shughuli za akina mama, za kuimba na kupamba, zina sitara yake. Mama mmoja alitueleza kwa uchungu namna picha za ukumbi wa wanawake zilivyoonekana kwenye simu ya mtu asiyehusika, baada ya kadi kupelekwa kwa fundi wa kuhariri. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kadi ilikuwa moja tu, ya shughuli zote. Basi kadi za wanawake ziwe mbali na za wanaume, zirekodiwe na mwanamke, zikae mikononi mwa mama wa nyumba, na kama kuhariri kunahitajika, afanye binti wa nyumba au fundi wa kike anayeaminika.

Tena tufahamu kuwa kufuta si kuondoa. Picha iliyofutwa hubaki ndani ya kadi mpaka irekodiwe nyingine juu yake, na programu za kuirejesha zipo mikononi mwa kila fundi. Kamera ikiazimwa, iazimwe bila kadi. Ikiuzwa, iuzwe bila kadi, na ile yenye memori ya ndani irekodi ukuta hadi ijae kabla ya kumfikia mnunuzi. Na mtu mzima aombwe idhini kabla ya kurekodiwa, hata akiwa mzazi. Mzee ana haki ya kusema, "Leo sijajiandaa."

Dakika kumi za dukani

Kwa muhtasari, tunamshauri mnunuzi aende na kadi yake mwenyewe, hedifoni, na mtu wa pili, kisha afanye haya kabla ya kufungua pochi:

1. Aangalie tundu la maikrofoni na la hedifoni.
2. Amsimamishe mwenzake hatua tatu mbele, amrekodi akihesabu hadi ishirini, kisha asikilize kwa hedifoni, si kwa kispika cha kamera.
3. Alenge kitu cha karibu, kisha cha mbali, aone kama lenzi inalenga.
4. Aegemeze mgongo ukutani, aone kama chumba kinaingia chote.
5. Awashe lugha, aangalie chaja, amulike lenzi kwa tochi.
6. Aulizie bei ya betri ya pili siku hiyo hiyo.
7. Adai risiti, na muda wa kurudisha uandikwe juu yake.

Familia zile tatu zilichanga, zikanunua kamera moja iliyotumika yenye matundu mawili, pamoja na maikrofoni ya kubana na betri ya ziada. Zimewekeana zamu, na kila nyumba ina kadi yake. Haikuwa ya kuvutia kuliko zote. Boksi lake hata halikuwepo.

Mtu wa kwanza kurekodiwa alikuwa muadhini wetu mstaafu, ambaye kwa mujibu wa wanaomfahamu ndiye pekee aliyebaki katika waliokuwepo siku ya kiwanja kutolewa. Tulimkalisha akiwa ameelekea dirisha. Tulizima pangaboi, tukamuomba jirani radhi kuhusu jenereta, tukambana maikrofoni kwenye kanzu. Alizungumza kwa dakika ishirini na tano. Tulipomvalisha hedifoni ajisikie, alicheka. "Kumbe nimezeeka hivi?"

Akatueleza habari ya mwembe, ya matofali, na ya mvua iliyonyesha siku ya msingi. Tulipomuuliza waliotoa kiwanja, alitaja majina mawili, akanyamaza. "Walikuwa watano," alisema. "Hao wengine watatu mngemuuliza Mwalimu. Yeye ndiye aliyekuwa akiwakumbuka."

Mwalimu ni bibi yetu yule. Kanda yake ipo, picha yake ni safi, na vidole vyake vinaonekana vikihesabu hadi vitano. Kila mwaka tunapowaombea dua waliotoa wakfu ule, tunawataja wawili kwa majina na watatu kwa kusema "na wenzao".

Ndugu msomaji, pengine katika nyumba yako yumo mtu wa namna hiyo. Kama fedha ya kamera haijapatikana, simu iliyo mfukoni inatosha kwa kuanzia. Zima pangaboi, sogea karibu naye, muombe idhini, na umuulize majina.

Wabillahi tawfiq.